Wanawake Waliobaki Ndani ya Kompyuta

Kufuta jina mlangoni si kumtoa aliye ndani. Mmemsikia shangazi yenu akiisema methali hii, mkacheka, mkaniuliza ni nyumba gani hiyo. Wanangu, haikuanza na nyumba. Ilianza hivi.

Bi Khairiya wa mtaa wa Kuze alikuwa mpiga picha wa kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao, bibi harusi yuko kitini na mabuibui yote yamevuliwa. Picha zake mwanamume hazioni. Kwa uaminifu huo akawa anaitwa kila harusi.

Alipopata kompyuta mpya, ile kuukuu aliahidi kuipa shule ya wavulana ya jirani. Mwalimu Shee angeijia alasiri. Mkwewe Nuweira, mke wa mwanawe, aliyekuwa akisomea ufundi wa kompyuta jioni, akamuuliza huku mtoto yuko mgongoni:

“Mama, picha umezifuta?”

“Zote! Hata pipa la taka nimelimwaga. Mimi si mshamba, mwanangu.”

Nuweira akatabasamu, akaweka programu yake ya kufufua mafaili. Punde wakaanza kutokea kwenye kioo: bibi harusi na nywele zake, wasichana na magauni yao, Mama Rukiya akikata kiuno.

Bi Khairiya akaketi sakafuni. “Watoto wa watu waliniamini mimi!”

“Usilie, mama. Ukifuta, kompyuta hutoa jina tu kwenye orodha yake. Picha hubaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ni kama kufuta jina mlangoni, na mwenyewe yumo ndani anakunywa chai.”

“Basi tuwatoeje?”

“Tuijaze diski nzima sifuri tupu, kila pembe, ziandikwe juu ya picha zote. Tuipe mpaka kesho.”

Mara hodi! Mwalimu Shee huyo, mguu mmoja umeshaingia. Bi Khairiya akaifunika kompyuta kwa leso aliyojitanda.

“Mwalimu, rudi! Humu mna wanawake hawajajifunika!”

Maskini, alirudi kinyumenyume hadi barazani. “Niwie radhi, Bi Khairiya! Sikujua una wageni. Wangapi?”

“Mia tatu!”

Kesho yake, diski ikiwa imeshajaa sifuri, Nuweira alijaribu tena kuzifufua picha. Hakikutokea hata kidole cha hina. Ndipo Bi Khairiya akaipeleka kompyuta shuleni mwenyewe.

“Wageni wako wameondoka salama?” Mwalimu akauliza kwa adabu.

“Wote, Mwalimu. Safari hii niliingia mpaka vyumbani. Maana nimejua, kufuta jina mlangoni si kumtoa aliye ndani.”