Kishale cha Pembeni mwa Mistari

Mnakiona kile kishale kidogo pembeni mwa mistari ya programu? Hapo kale hakikuwapo. Kihariri, yaani chombo ambamo watu huandikia programu, kilikuwa na masikio ya kusikia ombi la mtu, lakini hakikujua kukunja mistari. Kila programu ilitandazwa yote, toka mstari wa juu hadi wa chini, kama mahindi yaliyoanikwa uani.

Siku hizo, katika mji mmoja wa milimani, maji ya ndiva, bwawa la kugawia mashamba, yalifunguliwa na programu. Ikaja wiki ambayo lango la mashamba ya chini liligoma. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele, na majani yameanza kujisokota kwa kiu. Kazi ya kutafuta kosa akapewa Nakijwa, fundi mgeni kuliko wote.

Nakijwa alishuka na mistari, akapanda nayo. Kila alipofika mwisho wa mistari ya lango la chini, alikuwa amekwisha sahau mwanzo wake, kwa jinsi malango mengine yalivyojazana katikati. Mwishowe akakisihi kihariri kimwondolee machoni yasiyomhusu. Kihariri kikafikiri, kisha kikaikunja mistari ya malango ya mashamba ya juu kimyakimya. Pakawa peupe. Hapo akaliona kosa: amri ya kufunga ilikaa mahali pa amri ya kufungua. Akazipanga upya, akatoka mbio kuwaambia watu wa chini wasafishe mfereji.

Huku nyuma akaingia Mzee Semboja, mkuu wa mafundi. Desturi ya chumba kile ilikuwa kwamba anayekuta pengo huliziba bila kuuliza, na mzee aliipenda desturi hiyo. Alipoona malango ya juu hayapo, akawasikitikia vijana, akaketi, akayaandika upya. Hivyo malango ya juu yakawa na amri mara mbili. Yakafunguka, yakajifunga, yakafunguka tena, na maji ya watu wa chini yakamwagikia migomba ya juu iliyokwisha shiba.

Mama Kiondo, mkulima wa chini, akapanda mlima na jembe begani, Nakijwa nyuma yake.

"Mfereji tumeusafisha mpaka unang'aa," akasema. "Sasa tunywe huo mng'ao?"

"Muulize kijana huyu," akajibu Semboja. "Kafuta nusu ya programu."

"Sikufuta, baba. Malango ya juu yamekunjwa tu."

Nakijwa akakiomba kihariri kikunjue. Malango ya juu yakatokea mazima, yakiwa yamekaa juu ya yale ya mzee. Semboja akayafuta ya kwake kwa mkono wake mwenyewe.

"Lakini ningejuaje, mwanangu?"

Nakijwa akaona mzee ana haki ya kuuliza. Akakigeukia kihariri, akasema, "Ukikunja, acha alama. Anayekuja nyuma yangu ajue kuna kitu." Kihariri kikachora kishale pembeni.

Kisha lango la chini likafunguliwa. Maji yaliyobaki hayakuwa mengi, ila yalitosha kulowesha mizizi. Mama Kiondo akashuka sambamba nayo, akiyaondolea majani makavu njiani.

Basi toka hapo hakuna kihariri kinachokunja bila kuacha kishale. Kikielekea ubavuni, mistari imelala. Kikielekea chini, imeamka. Nayo mashine huisoma yote, iliyolala na iliyo macho, na maji hufika shambani.