Kisu cha Mama wa Zimwi

Sogeeni niwape hadithi. Kama mmechoka, Shekuwe mhunzi alichoka zaidi yenu.

Zimwi la jicho moja lilimjia likitaka kisu. Shekuwe akalifulia kigumu. Zimwi likakipiga jiweni, kikavunjika vipande viwili.

"Nifulie kigumu zaidi!"

Kesho yake akafua kigumu zaidi. Likakipiga jiweni, kikavunjika vipande vitatu.

"Kesho kikivunjika, nitakutafuna wewe!"

Siku ya tatu makaa yalikuwa yamekwisha, na Shekuwe hakuwa na mkono wa kuinua nyundo. Akaketi chini, akauliza alichopaswa kuuliza tangu mwanzo.

"Bwana wangu, kwani kisu chenyewe ni cha kazi gani?"

Zimwi likainamisha kichwa. "Cha kummenyea mama papai. Meno yamemwisha."

Shekuwe akajikokota hadi jikoni, akaleta kisu cha mkewe, chembamba kama jani, kimelika kwa kunolewa. Zimwi likakipokea, likakiinua juu ya jiwe.

"Mama yako anakula mawe?"

Mkono ukasimama hewani, kisha ukashuka polepole. Zimwi likaondoka na kisu. Shekuwe akajilaza palepale, kando ya nyundo yake.

Hadithi yangu imeishia hapo alipolala. Msimwamshe.