Mbwa Aliyesikia Akakataa Kuja

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja aliyeishi huko juu kwenye baridi, kule ambako ukungu ukishuka mchana huuoni hata mlango wa jirani. Msiniulize jina lake, maana mkilijua mtamsema yeye na mtajisahau ninyi. Alikuwa na mke, na alikuwa na mama yake mzee, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka. Mama alimwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Na alikuwa na tabia moja iliyowatesa wote: mlango ukiachwa wazi kidogo tu, huyo, ameshaondoka, anakwenda kuwasalimu wazazi wake waliokufa zamani.

Yule bwana akaona atafute mbwa wa kukaa na mama. Akaenda kwa mfugaji, akaonyeshwa aina mbili. Wa kwanza mkubwa, manyoya tele shingoni, sauti nzito. Huyo akibweka, mgeni anakumbuka kwamba kumbe hakuwa na shida ya haraka. Wa pili mdogo, wa kahawia, mkia umejikunja, asili yake msituni, na habweki kabisa. Bwana akauliza yupi kati yao ni mtiifu. Mfugaji akacheka.

"Mtiifu hapa hakuna," akamwambia. "Hawa wote wana vichwa vyao. Nenda nao wote wawili, kaa nao mpaka siku ya gulio, halafu unirudishie mmoja."

Sasa ninyi mngemchagua yupi? Msinijibu, nawafahamu. Yule bwana naye alikuwa kama ninyi. Kila jioni alisimama uani akapiga mluzi. Yule mkubwa alikuja mbio, maana alishajua kwamba mluzi na makombo ya ugali havitengani. Yule mdogo aliinua macho, akamtazama bwana kama unavyomtazama mchuuzi wa kitu usichokihitaji, akarudisha kichwa chini. Mke alijaribu kumtetea. Alisema, mbona mama akihama kiti, mbwa huyu naye anahama? Bwana hakutaka kusikia. Kwake, mbwa asiyeitika alikuwa anakula bure, na gulio likifika angerudi alikotoka.

Ikabaki siku moja tu kabla ya gulio, ukungu ukashuka. Mke alikuwa nje anaanua nguo. Aliporudi ndani akakuta kiti cha mama kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Wapendwa, mmewahi kumtafuta mtu mnayempenda msimwone? Na kule kuna makorongo. Mzee akiteleza humo, au akilowa na baridi ile, jioni haimkuti hai.

Majirani wakatoka, ndugu wa mume wakaja. Bwana akapiga mluzi. Yule mkubwa akafika papo hapo, mkavu, mkia unacheza, akakaa miguuni pake akingoja makombo. Yule mdogo hakuja. Wakamwita. Wakapiga miluzi, wakagonga masufuria, kila mtu na sauti yake. Hakuja. Bwana akalia kwa hasira, akasema mama amepotea na mbwa naye ametoroka, na kwamba yeye alishawaambia tangu mwanzo.

Ndipo yule mke akathubutu. Akasimama mbele ya wakwe zake, watu wazima, akasema:

"Naomba mnyamaze. Wote."

Wakanyamaza. Na katika ule ukimya wakasikia, chini kule kwenye shamba la pareto, sauti ambayo si kubweka wala si kulia, kama mtu anayeimba huku ana mafua. Ilikuwa inaita muda wote. Wao ndio waliokuwa wakiifunika kwa makelele yao.

Wakateremka mbio. Wakamkuta mama ameketi karibu kabisa na ukingo wa korongo, na yule mbwa mdogo amejilaza juu ya miguu yake kwa uzito wake wote, hata mama asingeweza kuinuka kama angetaka. Mbwa mgongo umeloa chapachapa. Mama mapaja yake yana joto. Bwana akapiga magoti kwenye matope. Na mama, ambaye hakumbuki alichokula asubuhi, akamwambia:

"Mlipomwita nilisikia. Nikamwambia nenda, unaitwa. Akakataa."

Bwana akambeba mama mgongoni, mke akapiga vigelegele, mbwa akatangulia, na wote wakaupanda mlima wakiimba mpaka waliobaki ndani kwa kuogopa baridi wakatoka. Kesho yake kwenye gulio mfugaji alirudishiwa mbwa wake mkubwa, mzuri, mwenye sauti.

Sasa tuje kwetu. Sisi hapa tunapimana kwa mluzi. Nani amefika kikaoni, nani ameitikia kwa nguvu, nani amekaa mbele. Kwenye kwaya kuna nafasi wazi tangu Pasaka. Tumemwita yule dada aliyekuwa akiimba sauti ya pili, tumetuma ujumbe, tumetuma wajumbe, na wiki iliyopita mmoja wetu akasema amepoa kiroho, afutwe. Jana nilifika kwake. Nikaambiwa yuko nyumba ya pili. Nikamkuta kando ya kitanda cha jirani yake, mzee asiye na mtoto wala ndugu, anamgeuza ubavu. Akaniambia kengele yetu anaisikia kila Jumapili.

Hajapoa. Hajapotea. Bwana asifiwe, amesikia, na amekataa kumwacha mtu wake! Na sisi tuliokuja mbio leo, wakavu, tumekaa hapa miguuni, tunangoja nini?

Kwa hiyo leo sifungi kwa sala ndefu. Ile nyumba ya mzee haina kuni, nimeona kwa macho yangu. Tukitoka hapa hatuendi kumwita dada yetu. Tunakwenda na kuni, na unga, na watu wa kushika zamu ili naye alale. Tutapita barabara kuu tukiimba, kwaya mbele. Sauti ya pili imepungua mtu mmoja. Tutamkuta huko huko, na wimbo utakamilika.