Jarida la Mama wa Mtoto Kiziwi

Wapendwa, nisikilizeni. Huko Mbeya alikuwepo mama mmoja mwandishi, tumwite Sekela. Gazeti alilolifanyia kazi lilifungwa, akabaki nyumbani na binti yake ambaye hasikii tangu kuzaliwa. Akajiambia, "Kuandika ndiko ninakokujua." Akaanzisha jarida lake mwenyewe, la kutuma kwa barua pepe kila Jumamosi asubuhi, kwa wazazi wenye watoto viziwi. Aliandika ya nyumbani kwake: namna ya kumwita mtoto asiyesikia jina lake, namna ya kumweleza kwamba bibi amefariki, namna ya kugombana naye na kupatana.

Wasomaji je? Ndugu zangu, wasingejaza mabenchi haya mawili ya mbele. Alituma, akakaa akiitazama simu. Kimya. Mnakijua kimya hicho? Umepika, umepakua, wamekula, na hakuna aliyesema hata ahsante.

Rafiki yake, waliyekuwa naye gazetini, akamwambia, "Dada Sekela, unajichosha bure. Andika ya wasanii. Nani kaachwa, nani kanunua gari. Watu watakuja wenyewe."

Akajaribu. Wakaja, wapendwa! Walikuja kama kumbikumbi kwenye taa. Matangazo yakaingia, nyumbani wakala wakashiba. Ya watoto viziwi akayapunguza, kisha akayaacha kabisa. Tumlaumu? Mwenye nyumba ya kulisha anajua.

Siku moja akasafiri hadi Sumbawanga kufuatilia ndoa ya mwimbaji fulani iliyovunjika. Akapita sokoni kununua maji. Hapo akamwona mtoto mdogo amepotezana na mama yake, analia kwa sauti ile ya mtoto ambaye hajawahi kujisikia akilia. Sekela aliijua sauti hiyo. Kabla hajamfikia, mama mmoja muuza samaki wakavu akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga, akapiga magoti. Akamwekea mtoto kiganja shavuni, kisha kifuani.

Mtoto akanyamaza.

Alama ile haimo katika kitabu chochote! Ilizaliwa sebuleni kwake, jioni moja umeme ulipokatika. Binti yake hasikii, na sasa haoni hata mikono ya mama yake. Sekela akamgusa shavu, akamgusa kifua, kumwambia: *Nipo.* Akaiandika alama hiyo Jumamosi moja, na wala hakupata jibu.

"Mama," akauliza, "hiyo umefundishwa na nani?"

"Hii? Soko zima tunaijua. Mama wa mtoto huyu husomewa barua na dada mmoja mwenye simu. Mama huyo akatuonyesha, ili mwanawe akipotea tumtulize. Mimi kusoma sijui."

"Aliyeiandika mnamjua?"

"Hatumjui. Tunasikia ni mama wa huko Mbeya." Akampakata mtoto vizuri. "Ila siku hizi barua hazina tena habari za watoto hawa. Tunasema labda mwanawe amepona. Mungu ashukuriwe."

Labda mwanawe amepona! Wapendwa, mmeisikia?

Kwa yule mwimbaji Sekela hakufika. Alipanda basi la kurudi akiwa amejifunika ushungi, watu wasimwone machozi. Jumamosi iliyofuata akaandika: "Binti yangu hajapona. Nami nimerudi." Waliofuata umbea wakaondoka, na matangazo yakaondoka nao. Ulikuwa mwaka mgumu. Lakini wale wa mabenchi mawili wakaanza kuwaambia wenzao, na walioweza wakaomba wachangie kila mwezi ili asiache. Leo anaishi kwa jarida lile, na wazazi wanalisoma hata nje ya mipaka.

Sasa sisi. Sisi tunaohesabu vichwa kabla ya kuimba, tunaoacha kumtembelea mgonjwa kwa sababu hakushukuru, tunaofunga maombi ya Jumatano kwa kuwa wamekuja wanne. Nani alituambia kwamba Mungu anahesabu kama sisi? Neno ulilolisema ukalisahau, huenda saa hii liko mikononi mwa mtu asiyejua kusoma, katika mji usioufahamu, linamnyamazisha mtoto wa mtu. Wewe hujui. Hutaonyeshwa.

Ogopa kidogo, ndugu yangu. Kisha nenda ukaliseme tena.