Mafua Yaliyotiwa Gerezani

Hapo zamani, zama ambazo bibi yangu mzaa bibi alikuwa hajaota meno, nami sijaanza kuyapoteza yangu, palikuwa na mji ukiitwa Shomvini, na mfalme wake akiitwa Sultani Mbaruku.

Mji ule ulikuwa na desturi yake. Kila Ijumaa Sultani aliketi barazani, watu wakapita kumbusu mkono, kisha akajifuta uso kwa leso yake ya hariri, akampa waziri. Waziri akajifuta nayo, akampa kadhi, kadhi akampa aliyemfuatia, ikaenda hivyo mpaka ikafika kwa mabawabu, kila mmoja akijipangusa apate baraka. Ilikuwa heshima kubwa. Mtu aliyepitwa na leso alirudi kwake hana hamu hata ya kula.

Basi mwaka mmoja Sultani akashikwa na mafua. Ijumaa ile leso ikapita kama kawaida, ila ilipita ikiwa nzito kidogo. Haukupita muda, waziri anapiga chafya, kadhi anakohoa, na wake zao wamelala wamejifunga vitambaa vya kichwa. Tena badala ya kuona haya, watu wakajivuna. "Haya yangu si mafua ya sokoni, mwenzangu," mtu husema huku akivuta kamasi, "haya ni ya jumbani." Na ambao hawajayapata wakawasogelea waliokwisha kuyapata, ili nao wapigiwe chafya.

Katika mji huo alikuwako mjane mmoja, msusi, akiitwa Mwanatumu. Mali hakuwa nayo ila chanuo na ulimi. Alikwenda nyumba kwa nyumba akilaza vichwa vya wanawake mapajani, akisuka, na habari za nyumba hii akizipeleka nyumba ile. Na kama ziliharibika njiani, alizitengeneza. Siku moja akasema, "Mafua haya yote yametoka puani mwa Sultani." Alimwambia mtu mmoja tu, tena kwa siri, na kabla ya adhuhuri neno likawa limefika jumbani.

Sultani akaamuru aletwe.

"Wewe ndiwe Mwanatumu?"

"Ndimi, Bwana wangu, au kile kilichobaki."

"Umesema mafua ya mji huu yametoka kwangu?"

"Nimesema, Bwana wangu. Liko neno gani la mji huu ambalo sikulisema?"

Sultani akaghadhibika, akapiga chafya, waziri akamwitikia kwa chafya yake. "Vema," akasema. "Ikiwa wajua yalikotoka, yakamate. Mwezi ukiandama namwoza binti yangu, na wakwe watakuja kutoka ng'ambo. Sitaki waukute mji wa makamasi. Yatie gerezani mafua haya kabla ya harusi. Ukishindwa, nitakupeleka Kisiwa cha Mbuzi, uishi huko peke yako hata kufa kwako."

Watu wa barazani wakacheka.

"Peke yangu, Bwana wangu? Bila hata jirani?"

"Wako mbuzi."

"Mbuzi hawana siri, Bwana wangu. Nitasema nini juu yao?"

"Hiyo ndiyo adhabu yenyewe."

Mwanatumu akaona hapana njia, akaomba jambo moja tu: apewe askari, na Sultani aape mbele ya kadhi kwamba popote atakapoonekana mwivi huyu, yaani mafua, amejificha, hapo hapo atafungiwa, kiwe kibanda au liwe jumba.

"Naapa," akasema Sultani akicheka, "hata akiwa chini ya mto wangu wa kulalia."

Basi Mwanatumu akarudi kwake, akalia sana, na alipomaliza kulia akaanza kufikiri, kazi asiyoizoea, maana siku zote yeye alitanguliza kusema. Akavipitisha moyoni vichwa vyote alivyovisuka. Fulani alikohoa baada ya kumtembelea dada yake. Dada yake alikuwa amekaa mkeka mmoja na mke wa kadhi. Na mke wa kadhi, naam, yajulikana yeye analala na nani. Je, nani hakuugua? Mbali na yeye mwenyewe, akawakuta wawili tu ambao nyumbani mwao hapakupigwa chafya hata moja. Mmoja ni Bi Kijoyo, mgomvi ambaye hata mwombaji alipita mlangoni pake mbio. Wa pili ni Mzee Shuku, mchunga punda wa Sultani, aliyenuka hata punda wakigeuza nyuso.

"Ala!" akasema Mwanatumu. "Kumbe mwivi huyu hana miguu! Hubebwa na watu, na hawa wawili hakuna anayewasogelea akawapelekea."

Asubuhi akaenda jumbani na askari nyuma yake. Sultani alikuwa barazani, leso mkononi, ndipo akapiga chafya iliyotikisa kilemba.

"Huyo! Mkamateni!" akapiga ukelele Mwanatumu.

"Nani?" wakauliza askari.

"Mwivi! Amechungulia puani mwa Bwana wetu, kisha akarudi ndani!"

Sultani akasimama. "Ni vumbi tu, ewe mwanamke! Wataka kunifunga mimi?"

"Hasha, Bwana wangu, nani athubutu? Nafunga mafua tu. Bwana wangu ana hiari kwenda atakako, ila pua aiache chumbani."

Sultani akaishika pua yake, akaivuta huku, akaivuta kule, akaona haitoki. Akamtazama kadhi. Kadhi akatazama chini, akasema kwa sauti ya mafua, "Bwana wangu aliapa." Basi Sultani akaingia chumbani mwake, mlango ukafungwa, na leso ikatiwa motoni. Waziri akafungiwa kwake, kadhi akafungiwa kwake, na kila mwenye kupiga chafya akawekewa askari mlangoni, chakula kikiachwa kizingitini. Wazima nao wakaamriwa waachane urefu wa mkuki, na asiwepo wa kumbusu mwenziwe mkono.

Mwanatumu alikuwa akitembea mbele ya askari, kifua mbele, akinyoosha kidole huyu na yule. Walipofika mtaani kwake, akapiga chafya.

Askari wakamtazama.

"Ni vumbi," akasema Mwanatumu, akapiga nyingine.

"Mama," akasema mkubwa wao, "hata Sultani alisema ni vumbi."

Akaingizwa kibandani mwake. Na hapo, nawaambieni, aliteseka. Chanuo kilikuwapo, kichwa hakipo. Mashoga zake walisimama mbali wakimpigia kelele habari za mji, lakini umbea wa kupigiwa kelele hauna utamu, kila mtu anausikia, hata yule anayesemwa, naye hujibu. Akafikia kuusema ukuta wake kwamba umezeeka vibaya.

Basi siku zikapita, chafya zikapungua, makohozi yakakatika, ikawa hata ukiweka sikio mlangoni husikii ila mtu anapiga miayo. Milango ikafunguliwa, mwezi ukaandama, wakwe wakaja, wakaukuta mji mkavu. Sultani akafurahi, akamwita Mwanatumu. Lakini waziri, aliyekuwa akiisikitikia leso na heshima yake, akainuka.

"Bwana wangu," akasema, "amri ilikuwa mafua yatiwe gerezani. Nimepita nyumba zote, hamna mfungwa hata mmoja. Mwanamke huyu amemtorosha! Mashua ya Kisiwa cha Mbuzi iko tayari."

Sultani akamgeukia. "Mwanatumu, yuko wapi mfungwa wangu?"

Mwanatumu akasema, "Amekufa, Bwana wangu."

"Kwa maradhi gani?"

"Kwa njaa. Chakula chake ni watu, Bwana wangu. Akimaliza mmoja huomba mwingine. Nami gerezani sikumwandalia mtu."

Sultani akamtazama, akamtazama waziri, akaangua kicheko mpaka akashika nguzo. "Keti, waziri," akasema, "urefu wa mkuki, tafadhali. Nawe Mwanatumu, omba utakacho: nyumba, shamba, watumishi."

"Nyumba ninayo, Bwana wangu, nimeichoka mwezi huu mzima. Nataka habari moja tu. Bwana wangu alipokuwa peke yake chumbani, alizungumza na nani?"

Wakwe wakatega masikio. Sultani akaona haya, akamwashiria asogee, akainama, akamnong'oneza sikioni kwa siri kubwa.

Na kabla ya alasiri mji mzima ulijua kwamba Sultani Mbaruku alikuwa akibishana na kilemba chake, na kwamba mara nyingi kilemba ndicho kilichoshinda.

Ndivyo nilivyoipata mimi hekaya hii, wala sikuongeza neno, ila pale nilipoona limepungua.