Kiapo cha Nyati Mbele ya Hakimu Kobe

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na msitu!

Na msituni mna nini?

Mna kiota!

Na kiotani?

Tuambie wewe, sisi hatujafika!

Haya, tulieni basi. Na wewe unayetafuna muhogo huko nyuma, tafuna polepole, msimuliaji naye ana tumbo.

Hapo kale palikuwa na mama mmoja, Sange. Sange ni kinyama kidogo, kamzidi panya kidogo tu, pua ndefu isiyotulia, na makalio ya manjano utadhani kakalia bakuli la mchuzi wa binzari. Kazi yake ilikuwa kukusanya majani makavu na kujenga viota chini ya miti. Leo alilala kiota hiki, kesho kile, adui asijue. Na adui akionekana, Sange alipiga mkia kwenye majani, pa! pa! pa! ili wenzake wakimbie.

Zamani Sange walikuwa wengi. Kisha akaja Nyati na kundi lake, mia mbili kwa hesabu. Ndu! ndu! ndu! Nyati alipenda nyasi, na nyasi hupenda jua. Basi kila kichaka kilichotia kivuli alikilaza chini. Leo kichaka, ndu! Kesho kichaka, ndu! Ikafika siku kikabaki kichaka kimoja tu, na Sange wamebaki tisa, mdogo wao akiwa binti yake Mama Sange, hata macho hajayazoea mwanga. Kichaka hicho kikienda, Sange wamekwisha duniani. Mama Sange alilijua hilo, na alilia mpaka pua ikachoka.

Siku moja Baraza la Wanyama likatunga sheria. Hakimu Kobe akaisoma mbele ya wote, polepole, maana Kobe hata akipiga chafya huanza asubuhi.

"Mnyama ambaye jamaa zake wanakwisha," akasoma, "makazi yake hayaguswi na yeyote."

Nyati akasikia. Akangoja neno la pili. Likachelewa. Tumbo likamnguruma, akaondoka zake kwenda kula, ndu! ndu! ndu!

Mama Sange hakuondoka. Alikaa mpaka Kobe alipomaliza, na kumaliza kwenyewe kulikuwa alasiri. Kisha akajibu maswali manne ya hakimu, akaapa, akaandikwa. Kobe akamwambia, "Rudi baada ya siku saba. Mwenye pingamizi atasikilizwa, halafu nitatoa hukumu."

Siku ya sita, ndu! ndu! ndu! Nyati huyo kichakani.

"We Mama Sange! Nasikia umeomba kichaka changu."

"Nimeomba pa kulala, Bwana Nyati."

"Nami naomba hapo hapo. Hakimu alikuuliza nini? Nambie, au nakanyaga kiota hiki sasa hivi."

Mama Sange akatazama kiota. Binti yake alikuwa amelala humo, na ukwato wa Nyati ulikuwa juu yake. Lakini akili yake haikutetemeka.

"Ole wangu, nitasema," akasema. "Aliniuliza tuko wangapi. Nikasema tisa. Akaniuliza tunalala wapi. Nikasema kwenye kiota cha majani makavu. Akaniuliza tunakula nini. Nikasema mchwa na jongoo. Akaniuliza adui akija tunafanyaje. Nikasema tunapiga mkia, pa! pa! pa!"

"Basi?"

"Basi. Hayo ndiyo niliyoyaapa."

"Majani, mchwa, jongoo, pa! pa! pa!" Nyati akacheka. "Maneno yenyewe haya? Hata ndama angeyasema!" Akaondoka huku akiyakariri, majani, mchwa, jongoo, mpaka usingizini.

Na ni kweli, Mama Sange alimwambia yote aliyoyaapa yeye. Yale aliyoyasoma hakimu mpaka alasiri hakuulizwa.

Siku ya saba baraza likajaa. Nyati akajitoma mbele na kundi lake lote nyuma yake.

"Hakimu, mimi ndiye ninayekwisha!"

Wanyama wakaangua kicheko, kwa! kwa! kwa! Kobe hakucheka. Akatoa shingo nje kidogo. "Mko wangapi?"

Nyati akafikiri. Sange alisema tisa. Anayeomba kwa pupa hatosheki na kushinda kidogo. "Mmoja!" akasema. "Nimebaki mimi peke yangu."

"Na hao mia moja tisini na tisa nyuma yako?"

"Hao... hao ni wageni."

"Mgeni nani?" mkewe akang'aka. "Baba Ndama, mimi nimekuzalia watoto saba, leo mgeni?"

"Nyamaza, mama, tunashinda!" Nyati akamnong'oneza.

"Unalala wapi?"

"Kwenye kiota cha majani makavu, kichaka kile pale."

"Unakula nini?"

"Mchwa na jongoo."

"Adui akija?"

"Napiga mkia, pa! pa! pa!"

Kobe akaandika neno kwa neno. Akamuuliza, "Huo ndio ukweli?" Nyati akasema, "Ndio." Akamuuliza tena, "Kweli kabisa?" Nyati akasema, "Naapa kwa pembe zangu." Basi Kobe akamgeukia Mama Sange. "Una pingamizi?"

"Sina, mheshimiwa. Bwana Nyati amesema vizuri kuliko mimi."

"Basi Nyati atalindwa kwanza, maana mmoja ni wachache kuliko tisa," akasema Kobe. "Ombi la Sange libaki daftarini. Sasa niisome sheria yote."

Akaisoma yote. "Makazi yake hayaguswi na yeyote. Wageni hawaruhusiwi kulala humo. Naye mwenyewe ataishi kama alivyoapa, asije akadhurika. Askari siafu watahakikisha."

Mkewe Nyati akasikia hilo neno wageni. Hakungoja kufukuzwa. "Twendeni, wageni wenzangu," akasema, na kundi lote likashika njia ya mbugani, mia moja tisini na tisa, bila kugeuka nyuma.

Nyati akabaki na siafu. Walikuja kwa mstari, elfu kwa maelfu, na adabu zao.

Akainamisha kichwa kung'ata nyasi. "Aa, mheshimiwa," wakasema siafu, "hicho si chakula chako, utaumwa tumbo." Wakamuuma pua, nya! Wakamletea jongoo.

Akataka kujilaza kwenye tope. "Aa, mheshimiwa, kiota chako kile pale." Wakamuuma kwato, nya! Nyati akajaribu kuingia kwenye kiota. Ukwato mmoja ukaenea. Tatu zikalala nje.

Mwewe akapita juu. "Adui huyo, mheshimiwa! Mkia!" Nya! Naye Nyati, dume zima la pembe, akapiga mkia, pa! pa! pa! Na Mama Sange, aliyekuwa amejibanza na wenzake nje ya kichaka, akamwambia kwa upole, "Vizuri, Bwana Nyati. Ila kaza mkia kidogo."

Siku ya tatu mbavu zikamtoka. Akaenda kwa Kobe akichechemea.

"Hakimu, nitoe daftarini."

"Kutoka daftarini ni kwa njia mbili," akasema Kobe. "Kuongezeka, au kwisha. Umeongezeka?"

"Wameniacha wote!"

"Basi bado njia ya pili, na kwa sura yako haiko mbali." Kobe akanyamaza kidogo, kidogo chake kikawa nusu siku. "Au ukubali kwamba uliapa uongo. Mwongo huondoka msituni, asirudi."

"Niliapa uongo!" akalia Nyati. "Kichaka si changu! Mimi nakula nyasi! Mwenye kula jongoo ni Sange, mwenye kiota ni Sange, mwenye pa! pa! pa! ni Sange!"

Kobe akaandika neno kwa neno. Akafunua ukurasa wa nyuma, ombi la Sange likiwa bado linangoja. Lilikuwa halina shahidi. Sasa lilikuwa naye, tena mkubwa, na Kobe akalipitisha.

Siku hiyo Mama Sange alijenga kiota mahali peupe karibu na njia, pasipo hata kijiti cha kukificha. Akamlaza binti yake humo, akalala naye mpaka kukakucha.

Nyati naye yuko mbugani mpaka leo, kwenye jua. Mtazameni, hupiga mkia ovyo, pa! pa! Watu husema anafukuza nzi.

Basi funzo, wanangu. Mjue kwamba nguvu ndiyo sheria, na mnyonge hana haki. Asiyeamini akamuulize Nyati. Tena msimsaidie mtu kudanganya hata siku moja. Msaidieni kukariri tu.

Hadithi yangu imefika kiotani, imelala. Aliyeipenda aifunike majani. Asiyeipenda apite mbali, asiikanyage.