Ukaya wa Tufaha

Aliyevuliwa hadharani hafunikwi faraghani.

Ndivyo alivyosema Bi Rukia Shee, fundi wa nguo, siku moja wasichana wanaojifunza kushona kwake walipokuwa wakimzungumzia mwenzao. Mmoja wa wasichana hao alikuwa amemcheka rafiki yake harusini kwa sababu ya gauni alilovaa. Alimcheka mbele ya watu, kwa sauti, mpaka binti wa watu akaondoka akilia. Sasa alikuwa akisema kwamba atapita kwao kimyakimya, amwombe radhi, yaishe.

Bi Rukia akatamka maneno yale bila kuinua macho. Wasichana wakataka kujua ameyatoa wapi. Akaacha kukanyaga cherehani, akavua miwani, akawaambia: Maneno haya yana mwenyewe, na mwenyewe aliyasema akiwa na jeraha bichi. Sikilizeni yalivyoanza.

Katika mji wa Fungoni, zama za mabibi wa bibi zetu, mtu alijulikana kwa nguo kabla hajajulikana kwa jina. Mwanamke mwungwana, asiye mtumwa, alijifunika kichwa kwa ukaya, kitambaa chepesi kilichoshuka mpaka mgongoni. Akitoka nje alitembea ndani ya shiraa. Shiraa ilikuwa kama hema linalokwenda: kitambaa kipana kilichotandwa juu ya vijiti, vijakazi wawili wakikibeba, mmoja mbele na mmoja nyuma, bibi akienda katikati asionekane na mtu. Kijakazi yeye alivaa kaniki, shuka nyeusi ya bei ndogo, akaifunga chini ya makwapa, na kichwa chake kikakaa wazi juani. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa machoni mwa watu, na sheria za namna hiyo ndizo ngumu kufutwa.

Katika nyumba ya Mwana Kombo alizaliwa mtoto wa kike, akaitwa Esha. Mwana Kombo, mama yake, akashikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakauka. Mle nyumbani mlikuwa na kijakazi, jina lake Hidaya, aliyejifungua binti siku arubaini kabla, naye huyo akaitwa Tufaha. Hidaya akawapakata wote wawili, huyu ziwa hili, yule ziwa lile. Hivyo Esha akaishi. Na kwa dini yetu, waliokunywa ziwa moja ni ndugu.

Uani walikuwa ndugu kweli. Walilala mkeka mmoja, waliitana kwa majina, walisukana nywele. Lakini mlango wa mbele ukifunguliwa, Tufaha alikamata kijiti cha mbele cha shiraa, na Esha akaingia ndani pamoja na mama yake. Esha aliujua mji wa Fungoni kwa kisogo cha Tufaha, maana ndicho alichokiona siku zote katika upenyo wa kitambaa, kikilowa jasho.

Siku moja, walipokuwa wasichana, Esha alimuuliza, "Ungepewa kitu kimoja tu duniani, ungetaka nini?"

Tufaha hakufikiri. "Kufunika kichwa," alisema.

Esha akacheka. Tufaha hakucheka.

Ukafika wakati ikatoka amri kwamba watumwa wote ni huru. Hidaya alikuwa amekwisha kufa. Tufaha akaaga vizuri, akamshika Mwana Kombo mkono, akaenda kukaa katika kibanda pembezoni mwa mji, akaishi kwa kushona kofia. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na kofia zake zikapata sifa hata misikitini. Mwana Kombo alikaa ndani miezi saba asitoke hata kwenda mazikoni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumbebea shiraa. Alisema mji umeharibika.

Esha wakati huo alikuwa ameolewa katika nyumba kubwa, nyumba ya Mwana Sheha. Mkwe wake huyo alikuwa mwanamke ambaye akikohoa, mtaa mzima hunyamaza. Wifi yake Esha alipochumbiwa, harusi ikapangwa, na Tufaha akaja kwa mlango wa uani kumwona nduguye.

"Esha, nimealikwa na shoga zangu wanaokuja kupika," alisema. "Lakini sitaki kuja kupika. Nataka kuja kuketi."

"Njoo uketi."

"Nimeshona ukaya. Kwa mkono wangu, mwezi mzima. Nitauvaa. Kama kuna neno, niambie sasa, tukiwa wawili."

Esha akamshika mabega. "Hakuna neno. Wewe ni dada yangu. Njoo nao, nami nitakupisha nafasi ubavuni kwangu."

Siku ya harusi ukumbi wa nyumba ile ulijaa wanawake wapatao sitini, waungwana wa mji wote, wametandikiwa mazulia, asumini kichwani, udi unafuka. Wanawake wengine walikaa barazani na uani, wale waliokuwa vijakazi juzi, wakipika, wakipakua. Tufaha akaja kwa mlango wa mbele. Alivaa leso mpya, na juu ya kichwa chake ukaya mweusi mwembamba, pindo zake zimeshonwa kwa tarizi ndogondogo kama chembe za mtama. Akatoa salamu. Wengine waliitika kabla hawajamtambua. Kisha wakamtambua, na mazungumzo yakakatika, safu kwa safu.

Mwana Sheha akainua uso. "Nani huyu?"

Mtu akajibu kwa chini, "Ni Tufaha wa kwa Mwana Kombo."

"Aliyembebea mkwe wangu shiraa?" Mwana Sheha hakupandisha sauti. "Esha. Kijakazi wenu amefunikwa na nani?"

Esha alikuwa ameketi ukutani, na ubavuni kwake nafasi ilikuwa wazi. Alikuwa ameiweka tangu asubuhi. Alimwona mama yake mzazi akitazama chini. Aliwaona mawifi wakigusana magoti. Akaona pia wanawake wawili wa nyumba ile wakianza kunyanyuka, mikono yao imekwisha kutangulia, na akajua wangemfanya nini Tufaha wakimfikia. Baadaye, miaka mingi, alijiambia kwamba ndiyo sababu aliondoka alipoketi: ili mikono ile isimfikie. Pengine ni kweli. Lakini alikwenda, akasimama mbele ya Tufaha, na hakusema, "Huyu ni dada yangu." Alinyoosha mkono wake mwenyewe, akauvua ule ukaya.

Aliuvua taratibu, kwa upole, kama mtu anayemvua mtoto nguo ya kulalia. Upole ule ndio uliouma zaidi.

Tufaha alikuwa amesuka nywele zake njia tatu, amezipaka mafuta. Alisimama hivyo, kichwa wazi, mbele ya wanawake sitini. Alimtazama Esha, hakumtazama mtu mwingine. Kisha akasema, "Ahsante, bibi." Katika maisha yao yote, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, hakuwahi kumwita bibi. Akageuka, akatoka kwa mlango uleule wa mbele, na ukaya ukabaki mkononi mwa Esha. Nyuma yake mtu akapiga kigelegele, na harusi ikaendelea.

Siku ya tatu Esha akaenda kibandani kwa Tufaha. Alikwenda wakati wa adhuhuri, watu wamelala, akapita vichochoro. Alichukua ule ukaya, ameufua na kuutia udi, na juu yake ukaya mwingine wa hariri, wa kwake mwenyewe. Alimkuta Tufaha uani anachambua mchele. Akapiga magoti kwenye vumbi, yeye mtoto wa Mwana Kombo, akalia.

"Nisamehe, dada. Niliogopa. Sikujua mkono wangu unafanya nini."

Tufaha aliendelea kuchambua.

"Nisamehe. Tazama, nimekuletea. Wacha nikufunike kwa mkono wangu." Akakunjua ile hariri, akaiweka juu ya kichwa cha Tufaha, akamtengenezea pindo mabegani.

Tufaha akamwacha amalize. Kisha akauliza, "Ulinivua wapi?"

"Pale harusini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Na sasa unanifunika mbele ya nani?"

Esha akatazama huku na huku. Palikuwa na kinu, na chungu, na kuku watatu wakidonoa chenga za mchele.

"Mimi sikuchukii," Tufaha alisema. "Laiti ningekuchukia, ningeshika hariri hii nikaivaa nikacheka. Ijumaa ijayo wanawake wote wanakutana kwa hitima ya mke wa kadhi. Nitakuja nikae mlangoni. Wewe simama useme neno moja tu: huyu ni ndugu yangu. Nifunike hapo. Hata kwa kaniki, nifunike."

Esha alimwona Mwana Sheha mbele ya macho yake. Aliiona talaka. "Dada, ungenipa muda..." alisema.

Tufaha akauondoa ule ukaya wa hariri, akaukunja mara nne, akamrudishia. Ule alioushona mwenyewe pindo zake hakuupokea pia.

"Chukua, bibi. Aliyevuliwa hadharani hafunikwi faraghani."

Mwanamke wa kibanda cha pili alikuwa macho nyuma ya ua wa makuti, na ndiye aliyeyasikia maneno yale. Kabla ya magharibi yalikuwa kisimani, na siku ya pili yalikuwa mjini. Watu wakayatumia kwa mambo yao, bila kujua yametoka katika kifua gani.

Ijumaa ile Esha alikwenda hitimani. Tufaha alikuwa mlangoni, kama alivyosema, kichwa wazi. Kisomo kikasomwa, kikaisha. Esha hakusimama. Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu. Wiki hiyo hiyo Tufaha akafunga kibanda, akaondoka Fungoni, na hakuaga.

Baada ya hapo mambo yakageuka upesi. Shiraa zikaliwa na nondo masandukuni, kwa kuwa hakuna aliyekubali tena kushika kijiti. Likaja buibui. Wazee walilinung'unikia: vazi gani hili, mtu anajifunika mwenyewe, habebewi na mtu? Lakini wanawake walilipenda. Aliyekuwa bibi alilivaa kwa sababu alitaka kutoka, na aliyekuwa kijakazi alilivaa kwa sababu hakuna awezaye kumuuliza amefunikwa na nani. Miaka kumi haikupita, njia za Fungoni zikajaa wanawake wenye mavazi meusi tititi, wote sawa machoni, na mpita njia asijue yupi ni wa nyumba ya mawe na yupi ni wa kibandani. Kile alichokitaka Tufaha kikaja kwa kila mtu, bila harusi wala hitima.

Hapo ndipo Esha alipoanza kuteseka. Watu walisema Tufaha amerudi, ameolewa na fundi wa majahazi, anakaa ng'ambo ya mji. Wengine walisema siye. Esha akitoka, kila buibui linalopita alilikazia macho. Alimtafuta kwa mwendo, kwa kimo, kwa mkono unaojitokeza kushika pindo. Siku moja sokoni aliita, "Tufaha!" Wanawake watano walikuwa mbele yake. Hakugeuka hata mmoja. Alikuwa amekijua kisogo kile kuliko uso wa mama yake, na sasa kilikuwa kimefunikwa, kama mwenyewe alivyotaka.

Mwana Kombo akafa. Mwana Sheha akafa. Mume wa Esha akafa. Esha akawa bibi kizee mwenye wajukuu, na hakukuwa tena duniani mtu wa kumwogopa. Ndipo katika maulidi ya wanawake, ukumbi umejaa, Esha akashika ukuta akasimama.

"Jamani, nisikilizeni," alisema. "Zamani, katika ukumbi kama huu, nilimvua ukaya mtu aliyeitwa Tufaha binti Hidaya. Hakuwa kijakazi wangu. Alikuwa dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Ninalisema mbele yenu nyote: alikuwa dada yangu, na nilimdhulumu."

Esha alizungusha macho, akitafuta hata uso mmoja wa siku ile. Wale sitini walikuwa makaburini, au wamepotelea miji ya mbali. Mbele yake walikuwapo wasichana, na mama zao waliozaliwa baadaye.

Msichana mmoja akamwinamia mwenziwe, akauliza kwa heshima, "Tufaha ni nani?"

"Sijui," mwenziwe akajibu. "Na ukaya ni kitu gani?"

Wakamshika bibi kizee mkono, wakamketisha, wakampa maji. Walidhani amechoka. Safu za nyuma, karibu na mlango, waliketi wanawake ambao hawakuwa wamefunua nyuso zao. Kama Tufaha alikuwa mmoja wao, hakusema kitu. Esha alingoja mpaka wa mwisho akatoka. Kisha naye akavaa buibui lake, akaenda zake nyumbani, na mwaka ule hakuumaliza.

Bi Rukia aliponyamaza, yule msichana aliyemcheka mwenzake alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo hakumsamehe?" aliuliza.

"Alimsamehe siku ileile, uani," Bi Rukia alisema. "Alikwisha mwambia hamchukii. Msamaha haukumshinda Tufaha kuutoa. Kilichomshinda Esha ni kurudisha kitu pale alipokiondoa, wakati wenye macho yale bado wapo. Ndiyo maana wazee wetu wakaliweka neno lile, wasilipoteze: aliyevuliwa hadharani hafunikwi faraghani."